Mkwe Aliyelala Juu ya Gari

Kiema wa Kwa Vonza, Kitui, mume wa binti yangu Mbinya, hakununua kitu bila kukichunguza. Hata ndala za bafuni alizikunja mara mbili tatu, akamwuliza mwenye duka zitakaa miaka mingapi. Mbinya alimcheka: "Wewe ukiuziwa yai utataka uonyeshwe kuku." Nasema hivi mjue kwamba lile hema la juu ya gari hakulinunua kwa uzembe.

Alianza kwa kuosha magari ya watalii Nairobi, akajifunza kuendesha, mwishowe akawa dereva wa kupeleka wageni Amboseli na Tsavo. Ndege aliwajua kwa majina, ya Kizungu na ya Kikamba. Alinunua Land Cruiser kuukuu ambayo wenyewe walikuwa wameichoka, akaifufua kipande kwa kipande. Alipotaka kumwoa Mbinya alileta mbuzi watatu wa ntheo, wanaomfanya msichana kuwa mke wa mtu. Hakutuma pesa kwa simu kama vijana wa leo. Walikuwa mbuzi wa kutembea, akawapandisha mwenyewe mlima wetu wa Kilungu. Mimi niliwaangalia kutoka dirishani. Sikutoka.

Sikutoka kwa sababu ya nthoni. Mama na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Nyanya yangu akimwona mkwewe njiani alikuwa akiingia kichakani na mzigo wake wa kuni mgongoni. Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka wa 1967, nikapita vizuri, na kanisani nimeongoza akina mama miaka mingi, lakini hilo sikuliacha. Kwa miaka kumi na mmoja niliongea na Kiema kupitia kwa Nduku, mke wa mwanangu, ambaye tunaishi naye boma moja. Kiema alisimama upande ule wa ua, mimi upande huu, Nduku katikati, akiniita Mwaitu, yaani mama, na akirudia maneno ambayo sote tulikuwa tumeyasikia.

"Mwulize habari za Kitui."

"Mwaitu anauliza habari za Kitui."

"Mwambie ni njema."

"Anasema ni njema. Na mimi nasema mnanichosha."

Mwaka juzi Mbinya alishikwa na saratani ya kizazi. Walizunguka hospitali mpaka daktari mmoja akawaambia waende nyumbani, akawapa dawa ya maumivu tu. Mbinya akasema anataka kwa mama yake. Mama yake Kiema alikuwa ameshafariki, na kule Kwa Vonza hakukuwa na mwanamke wa kumwosha. Kiema akakubali, ila akapiga simu kwa Nduku.

"Mwambie Mwaitu sina lingine. Siku hiyo ikifika, nataka mkono wa Mbinya uwe mkononi mwangu. Hilo tu."

Sasa angelala wapi? Nyumba yangu ina vyumba viwili, changu na cha kumlaza Mbinya. Ya Nduku ni chumba kimoja na watoto wanne. Ndipo Kiema akafikiria hema la juu ya gari, kwa sababu wageni wake wengi alikuwa amewalaza humo.

Alizunguka kwa wauzaji wa Nairobi siku mbili. Mwishowe yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa la turubai, linakunjuliwa kama kitabu, nusu yake inatokeza nje ya gari. Chini ya hiyo nusu unaning'iniza chumba cha kitambaa kinachofika mpaka chini, na ndani unaweza kuweka kitanda. Lakini ni zito, keria ya gari ingehitaji kuongezwa vyuma. La pili lilikuwa na kifuniko kigumu kama sanduku. Ukifungua kufuli mbili linainuka lenyewe, na manyunyu yetu ya Julai hayawezi kuingia. Lakini hilo halina chumba cha chini. Lina ngazi tu.

Akapiga simu tena. Nduku akaweka sauti kubwa, mimi nikiwa nachagua maharagwe.

"Mwulize Mwaitu, nikichukua lenye chumba cha chini, naweza kuegesha karibu na nyumba? Mbinya hataweza ngazi. Huko chini tutaweka kitanda, niwe naye."

Mimi niliona anataka kujenga kwangu. Mkwe atandike kitanda kwenye udongo wangu, binti yangu ndani yake, hatua kumi kutoka mlango wangu!

"Mwambie juu ya gari ni kwake. Chini ni kwangu."

Nduku akanitazama. "Mwaitu, nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Lakini Kiema alishasikia. "Mwambie nimeelewa," akasema. Akanunua lile la kifuniko.

Wiki saba tuliishi hivyo. Gari lilisimama kando ya mparachichi. Nikienda shambani, Kiema aliingia kukaa na mke wake. Nikirudi nilikohoa langoni, naye akatokea mlango wa nyuma. Jioni alipanda ngazi yake akalala, na Mbinya akalala kwangu, akitazama dirisha.

Jumamosi moja Mbinya akasema anataka kujaribu kupanda. Ngazi ina vidato saba. Mbinya alifika cha tatu, akakaa hapo akihema, Kiema amemshika kiuno.

"Kiema, umeninunulia mahali pa kuku wa kienyeji," akasema. "Na mimi siku hizi ni kuku wa gredi. Siwezi kuruka."

Alicheka, kisha akalia. Kiema akambeba mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Akamweka kwenye kizingiti polepole, akageuka akaenda. Nilimwinua peke yangu.

Jioni hiyo Mbinya akaniambia, "Mwaitu, si ulale jikoni? Wewe ukiwa jikoni, nyumba haina mama mkwe. Yeye aingie."

"Nifukuzwe nyumbani kwangu na mkwe?"

Akageukia ukuta. Siku tatu hakuniomba kitu, hata maji. Nduku ndiye aliyemnywesha.

Asubuhi ya Jumatano nilibeba godoro langu mwenyewe mpaka jikoni. Hakuna aliyenisukuma. Nikamwita Nduku: "Mwambie Kiema nyumba ni yao."

"Mwaitu, ametoka saa moja. Ameenda Emali kwa Mursal."

Mursal ni mfanyabiashara anayewauzia watu wa malori turubai na kuwashonea. Kumbe Kiema alikuwa amechora kwenye karatasi chumba chake mwenyewe: sakafu ya mbao, kuta za turubai, kitu kizima kikining'inia kwa minyororo kwenye keria, kiganja kimoja juu ya udongo. Baadaye alimsimulia Nduku jinsi Mursal alivyoishangaa ile karatasi.

"Ndugu yangu, kwa nini isiguse chini?"

"Chini ni kwa mama mkwe."

"Wallahi huyo si mama mkwe. Huyo ni serikali."

Tulimpigia simu. Ililia ndani ya gari, yeye akiwa nyuma ya duka akishikilia mbao zikatwe. Saa nane Mbinya akaanza kuhema vibaya. Akanyoosha mkono, nami nikampa wangu. Akaupapasa, akafika kwenye vidole, akajua si wa yule aliyemtaka. Akauachilia. Saa tisa alikuwa ameenda.

Kiema alifika saa kumi na moja, mbao zimefungwa juu ya gari. Nilimlaki langoni, bila Nduku. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa. Nikaona ana mvi kwenye nyusi.

"Kiema, ingia. Nyumba ni yenu."

Alinitazama, akatazama mlango ulivyoachwa wazi, akaelewa.

"Mama," akasema, "leo ndiyo naingia?"

Nikampisha. Akavua viatu kama mgeni, akaingia. Nilimsikia akivuta kiti karibu na kitanda, akisema, "Nisamehe, Mbinya. Barabara ilikuwa na malori." Mimi nilienda jikoni nikakaa kwenye godoro, na hakuna aliyeniita mpaka gari la mochari lilipofika.