Wiki Niliyokosa kwa Chifu

Chuo kilipofungwa mwaka wangu wa pili, polisi walitutoa mabwenini asubuhi na kutuamuru kila mtu arudi kwao. Amri ya pili ndiyo iliyotukera zaidi: kila wiki, hadi chuo kifunguliwe, mwanafunzi alitakiwa kujionyesha kwa chifu wake, ili serikali ijue hayuko mahali akipanga ghasia. Asiyefika, nafasi yake chuoni imekwenda.

Kwetu kulikuwa mtaa uitwao West Indies, karibu na ofisi ya chifu, kwa hivyo sikuwa na mwendo mrefu. Kazi ilikuwa kutoka kitandani. Sijui ilianzia wapi. Kwanza usingizi ulinihama, kisha ukanirudia mchana kutwa. Chakula kikapoteza ladha. Nikishika kitabu, narudia mstari mmoja na hauingii. Nililia bila sababu, na machozi yakiniishia natazama ukuta. Leo watu wana majina ya hali hiyo na wanayataja redioni. Wakati ule jina lilikuwa moja tu, wazimu, na msichana aliyepewa jina hilo hakulivua tena.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nusu ya watoto wa mtaa walipita mikononi mwake, na fahari yake ilikuwa mimi. Basi akanificha. Alinipangia vitabu kitandani, kimoja akakifungua juu ya blanketi, ili atakayechungulia aone mwanafunzi. Kina mama wa kanisani walipokuja aliwamiminia chai na kuwanong'oneza, "Anasoma, tusimsumbue." Nami huko ndani, kitabu kifuani, nilikasirika mno. Nilitaka mmoja wao tu aingie. Wote walikuwa na adabu kupita kiasi!

Kila wiki Mama alinivalisha, akanichana nywele, akanipeleka kwa chifu. Kisha ikaja wiki ambayo hakuniweza. Alinivuta mkono, akabembeleza, akagomba, mwishowe akaketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyangu mapajani. Hatukwenda.

Wiki iliyofuata tulikwenda. Ofisi ilijaa wanafunzi na wazazi wao, wamebanana kwenye mabenchi kwa sababu nje mvua ilinyesha. Chifu hakutusalimu.

"Mwalimu, huyu msichana wako wiki jana alikuwa wapi?"

"Alikuwa na malaria, Chifu."

"Malaria." Akacheka. "Kila mwanafunzi akipotea anashikwa na malaria. Alienda Nairobi kwa mikutano, si ndiyo? Mimi nitaambia D.O., mkubwa wangu, hakuonekana. Huko juu watajua watamfanyia nini."

Mama aliuachia mkono wangu. Hilo liliniogopesha kuliko chifu, maana mkono ule ulikuwa umetuliza madarasa mazima. Angeweza kutafuta uongo mwingine, mwalimu hakosi maneno. Akasimama.

"Chifu, hakuenda Nairobi. Hata choo ni mimi nampeleka. Kichwa yake ni mgonjwa. Hakuli, halali, analia tu. Nimeficha hata kanisani. Kama ni kuambia D.O., mwambie hiyo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wazazi ambao watoto wao alikuwa amewafundisha kusoma walinitazama, kisha wakaangalia sakafu. Mama alibaki amesimama, na nilimpenda wakati ule kwa namna iliyoniuma.

Ndipo mzee mmoja akainuka nyuma, mkulima, gumbuti zake miguuni zimejaa matope. Kando yake aliketi kijana niliyemjua chuoni, yule ambaye kicheko chake kilisikika hadi bweni letu. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa, shati amelifunga vifungo kombo.

"Chifu," mzee akasema, "hata huyu wangu. Mimi nilikuwa nasema ni homa."

Hakungoja jibu. Alimshika mwanawe mkono, wakapenya katikati ya magoti ya watu hadi kwenye benchi letu. Mama akanisogeza, wakapata nafasi. Mzee akavua kofia yake iliyolowa, akamgeukia Mama na kumwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ng'ombe:

"Wako anakubali kula nini? Wangu ni maziwa peke yake."