Goli la Pili Hatukulisikia

Kwenu wenzangu niliosoma nanyi Unguja, nisameheni hati mbaya na makosa ya herufi. Naandika polepole na bado nakosea.

Niliondoka Yiti, kijiji chetu huku Omani, kwa ajili ya kaka yangu Nassor, mnayemkumbuka kwa mpira. Mwaka huu alianguka mlimani akavunjika mguu. Mfupa umeshaunga, na mganga kamwambia asimame, lakini alikuwa hataki. Alilala ameelekea ukutani. Siku moja akageuka, akaniambia, "Jumamosi wanafungua msimu Uingereza, mabingwa wa ligi na wenye kombe. Nenda Maskati kwa Ami Khamis, ana redio. Uniletee mchezo wote."

Nami mnanijua, mbele ya watu sisemi.

Alfajiri ya Ijumaa nilifuatana na wachukuzi wa papa mkavu na punda wao. Njia ni mawe matupu, na jua lilipiga mpaka punda wakatembea wamefumba macho. Tulilala njiani.

Jumamosi adhuhuri tuliteremkia bonde la Wadi Kabir, mbele nikaona kuta za mji na lango lake. Sijapata kuona mlango mkubwa vile. Askari alitazama miguu yangu yenye vumbi, akaniacha nipite.

Kwa Ami Khamis, rafiki wa marehemu baba, mkewe Bi Zuwena alinipa halua na kahawa.

"Huyu ulimi kauacha Yiti?" akauliza.

"Mwache," Ami akasema. "Kaja na masikio, yatosha."

Jioni akafungua redio. Kwanza ulikuja mvumo, kisha nikatambua kuwa ule mvumo ni watu. Maelfu, wakiimba kwa pamoja. Kwao bado mchana, kwetu jua linazama, na mchezo ni huo huo mmoja. Niliweka kikombe chini, nikasogea karibu na redio.

Ami, aliyekuwa karani Unguja, alitufasiria. "Wenye kombe wanakwenda kushoto. Kapiga. Kipa kautema. Wamefunga."

Baadaye wakapata kona upande wa kulia. Hapo hapo adhana ya magharibi ikalia, Ami akazima redio.

"Ami, kona," nikasema.

"Itapigwa bila ya sisi," akajibu, akavaa kofia yake.

Tuliporudi kutoka msikitini na kufungua redio tena, wenye kombe walikuwa na mawili, na hivyo ndivyo ulivyokwisha.

"La pili lilifungwaje?"

"Mtangazaji hakurudia, mwanangu. Nnakwambia nilichokisikia tu."

Jumatatu nilifika Yiti. Nilimsimulia Nassor yote, mpaka nikafika kwenye kona.

"Ikawaje?"

"Sijui. Adhana ililia."

Akajiinua kwa kiwiko. "Upande gani?"

"Kulia."

"Basi ilikuwa ndefu, mlingoti wa mbali. Beki kasimama hapa," akaonyesha kwa kidole. "Sivyo. Nipe bega."

Akasimama. Mguu ulimtetemeka, lakini alisimama. "Beki hapa. Mimi natokea nyuma yake, hivi." Alisema "mimi". Mama alikuwa mlangoni na sahani ya wali.

Nimejifunza kuwa hata habari yenye pengo inafaa kupelekwa nyumbani.

Ikiwa mmoja wenu alisikia redio jioni ile, tafadhali niandikie goli la pili lilifungwaje. Ila juu ya bahasha andika jina langu, si la Nassor. Yeye sasa hutoka na fimbo mpaka pwani, na kila anayekutana naye humwonyesha lilivyofungwa.