Pima Saba za Ukili

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja ambayo ukili wa mkeka ulinikatika mkononi mara tatu, na kila ulipokatika nilimlaumu aliyeuchana ukindu. Ukindu haukuwa na kosa. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka kwa wivu, na wivu, kama zinavyosema kanga, ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi niliushiriki, nikakonda, na nikamkondesha mtu mwingine asiye na hatia.

Nakwambia haya kwa sababu jana ulikuja hapa uso umekuvimba. Shoga yako ameandika hadithi ya watu wa nyota, kila mtu anaisifu, na wewe unayejua Kiingereza kumshinda ndiye uliyeombwa uitafsiri. Ulinieleza kwamba hadithi za namna hiyo huitwa bunilizi za kisayansi, na kwamba zina maswali mazito ndani yake. Mtu akipotewa na kumbukumbu zake zote, bado ni yeye yule? Na wawili wasiojua hata neno moja la lugha ya mwenzake, wataaminiana vipi? Nikafumba macho, ukadhani bibi amesinzia. Sikusinzia. Maswali hayo niliyasikia juu ya mkeka, hapahapa Bagamoyo, kabla mama yako hajazaliwa, kutoka kwa msichana wa bara asiyejua kusoma.

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha. Kaka yangu Omari alikwenda Lugoba kununua mahindi akarudi na mke. Jina lake Sikudhani, na kwa kweli hakuna aliyedhani. Alikuwa Mkwere, mwembamba, mcheshi wa macho, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei ya samaki. Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama kule bara mpaka nilipofika miaka kumi, kwa hiyo Kikwere nilikijua vizuri. Nikawa ulimi wa wifi yangu. Akitaka chumvi nasema mimi, akitaniwa najibu mimi. Alinieleza mambo yake pia, ila la kaka yake alilitaja mara moja tu: alichukuliwa na jeshi la Waingereza akapelekwa Burma, na amerudi mzima wa mwili. Kisha akabadili mazungumzo, nami sikuuliza.

Wanawake wa mtaa wetu tulikuwa tukikusanyika uani kwa Bi Tatu baada ya swala ya adhuhuri, kusuka ukili wa mikeka. Bi Tatu alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye maneno machache, na nyumba yake ilikuwa na desturi yake: anayesimulia hadithi hasuki. Wenzake humsukia, kila mmoja akiongeza kipande, na jioni msimuliaji huondoka na ukili wake vidole havijamuuma. Kwa miaka miwili msimuliaji nilikuwa mimi. Sikujisifu, nilisifiwa. Mikeka miwili ya nyumbani kwetu ilitokana na mdomo wangu, na mama aliitandika walipokuja wageni tu.

Siku moja mafua yakanikamata, sauti ikakauka. Bi Tatu akamtazama Sikudhani, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo atusimulie bibi harusi. Wewe Mwanaidi una sauti ya kutosha kutufasiria."

Sikudhani akaona haya, kisha akaanza. Alisimulia kitu cha chuma kilichoanguka kutoka mbinguni katika shamba la watu. Ndani yake mkatoka mgeni asiye na lugha. Huyo mgeni akikushika kiganja, palepale unakumbuka anayoyakumbuka yeye. Huyaoni kama ndoto, mwanangu, unayakumbuka, kana kwamba yalikupata wewe. Msichana mwenye shamba akashikwa kiganja, akakumbuka mji wenye miezi miwili angani, akakumbuka harufu ya mvua ya huko na wimbo wa mama asiyekuwa mama yake. Ila palikuwa na sharti: kumbukumbu aliyoitoa mgeni ilimtoka moja kwa moja. Aliyompa msichana, yeye hakubaki nayo.

Nilifasiri vizuri siku ile, sitajinyima haki yangu. Siku ya pili tukasikia jinsi msichana alivyotaka zaidi na zaidi, na mgeni, kwa upweke wake na hamu ya kueleweka, akatoa na kutoa. Mpaka asubuhi moja akainua uso kutazama mbingu, asijue anatafuta nini.

Mikono yote uani ikasimama. Mmoja wetu akauliza, "Sasa huyo bado ni yeye, au amekuwa nani?"

Bi Tatu akasema polepole, "Na huyo msichana, mwenye mama wawili kichwani, yeye ni nani?"

Wakabishana mpaka alasiri. Machozi yaliwalenga wengine. Na mimi, mwanangu, nilikaa katikati yao nikiungua. Kiswahili kile kilichowaliza kilikuwa changu. Nilichagua kila neno. Lakini macho yao yalinipita yakaenda kutua kwa Sikudhani, na vidole vyao vilimsukia yeye. Siku mbili, pima saba, kila pima urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mimi sikuwahi kusukiwa zaidi ya tatu kwa siku mbili. Nikafika nyumbani nikamkuta Omari anajisifu barazani kwamba mkewe ana kichwa cha peke yake, na mama anaitikia, "Kweli, Mungu kampa." Mama hakuwahi kusema Mungu kanipa mimi. Nilikula wali wa jioni ile kama nakula mchanga.

Hasidi hana sababu, husemwa. Mimi nilikuwa nazo, nilizihesabu usiku kucha, na zote zilikuwa za kipumbavu.

Siku ya tatu ndiyo uliponikatika ukili. Sikudhani alikuwa anafika mwisho wa hadithi yake. Mwisho huo nitakwambia baadaye, kwa sababu siku ile wenzangu hawakuusikia. Nilibadili mambo mawili tu. Nilisema kwamba mgeni yule alipoushika mkono wa msichana alikuwa anavuta damu. Na nilisema kwamba msichana wa hadithini ni Sikudhani mwenyewe, na chuma kile bado kipo kwao, naye anajua njia ya kukifikia.

Siku hizo neno mumiani halikutajwa kwa sauti. Watu waliamini wapo wanaokamata watu na kuwanyonya damu ikauzwe kuwa dawa. Gari lisilojulikana likisimama njia ya Zinga, watoto walikimbilia vichakani. Mimi neno lenyewe sikulitaja. Halikuhitaji kutajwa.

Mmoja akakusanya ukindu wake akasema ameacha chungu motoni. Wa pili naye akakumbuka chungu. Kwa muda mfupi mtaa mzima ulikuwa na vyungu motoni. Sikudhani alizitazama nyuso zao, akadhani hadithi imewagusa. Akaushika mkono wangu akaubana, akasema kwa kile Kiswahili chake kidogo, "Asante, wifi." Nami nikauacha mkono wangu ndani ya wake.

Sikudhani alipotangulia nyumbani, tukabaki wawili, Bi Tatu hakuinua macho kwenye kazi yake. "Mama yangu alikuwa Mkwere," akasema. "Miaka arobaini sijamwambia mtu mjini hapa, wasije wakaniita wa bara. Kila neno la wifi yako nimelielewa, na kila neno lako pia."

Nikauweka ukili wangu chini.

"Nimenyamaza kwa sababu ya aibu yangu," akaendelea. "Wewe umesema kwa sababu ya wivu wako. Sote wawili tumemzika mtoto wa watu akiwa hai. Ukili wangu naweza kuufumua nikausuka upya, lakini ulilolisema leo limekwishavuka vizingiti kumi. Kesho utawaambia ukweli, na mimi nitakaa kando yako niseme nakijua Kikwere."

Nikaitikia. Kesho yake nikajisingizia homa. Kesho kutwa nikasema nitangoja wakusanyike wengi. Mwiba wa kujichoma mwenyewe hauambiwi pole, na mimi nilikaa nao mguuni nikijifanya natembea sawa. Wiki ikapita. Sahani alizopeleka Sikudhani kwa majirani zilirudi na chakula kilekile, kimefunikwa. Watoto walimwona wakavuka njia. Omari akaulizwa sokoni, mbele ya wavuvi, kama mkewe analala usiku. Akarudi nyumbani, akamweleza mkewe kwa Kikwere chake kibovu mambo yanayosemwa. Sikudhani hakulia. Alinitazama, kisha akafunga nguo zake. Alfajiri hakuwepo.

Ndipo Bi Tatu akaja kwetu na ukili umeviringwa. "Pima zake saba, aliniachia nimuunganishie," akaniambia. "Alizisimulia, ni haki yake. Mpelekee."

Nilipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi, nikakaa juu ya magunia matupu, na njia nzima nilitunga maneno ya kuombea radhi. Yote yalinipotea nilipofika uani kwao. Palikuwa na mwanamume amekaa chini kwenye jua kali, amevaa koti zito la kijeshi, mikono juu ya magoti. Nilimwambia shikamoo. Hakuitikia, wala hakunitazama.

"Huyo ndiye kaka," akasema Sikudhani mlangoni. "Amerudi kutoka Burma hamjui mama aliyemzaa. Ukimwambia wewe ni Mrisho, ulizaliwa hapa, ulivunjika mkono ukianguka kwenye mkorosho, anapiga kelele. Lakini mtu wa nyota anakubali kumsikiliza. Hadithi ile niliitunga kwa ajili yake. Nilikuwa namsimulia kila siku kabla sijaolewa."

Nikaweka ukili chini. Nikamwambia yote niliyoyatenda, bila kupunguza. Nikamwambia sababu ni wivu. Nikamwomba anisamehe, arudi mjini, asimulie tena, nami nitafasiri kama ilivyo.

"Siwezi," akasema. "Omari ameniambia hadithi yako, nayo imekaa mahali pa yangu. Tangu nirudi najaribu kumsimulia kaka. Nikifika mgeni anaposhika kiganja, naona damu. Mwisho wangu siuoni tena. Nilikupa wewe, wifi. Unao wewe."

Mwanangu, nimezaa, nimezika, lakini mzigo kama ule sijawahi kuubeba. Mbali na Bi Tatu, kweli ya hadithi ile ilikuwa kichwani kwa aliyeiharibu. Nikakaa chini vumbini, mbele yao wawili, nikaanza kuisimulia kwa Kikwere. Sikupamba wala sikuongeza. Nilisimulia chuma, miezi miwili, harufu ya mvua. Nikasimulia mgeni anavyoitazama mbingu asijue anatafuta nini.

Na mwisho nikausema, ule niliouficha. Kwamba msichana aliona alichokifanya, akataka kurudisha, lakini kiganja chake yeye hakikuwa na uwezo ule. Alikuwa na mdomo tu. Basi kila asubuhi akamchukua mgeni mpaka ukingoni mwa shamba, akamfundisha lugha yake neno kwa neno, na kwa maneno hayo akamsimulia kwao, mji wake, mama yake, wimbo. Mgeni hakurudi nyotani. Lakini alijifunza lugha ya ugenini ili apokee habari za kwao, na akajua tena ametoka wapi.

"Wakakaa ukingoni mwa shamba lile la mtama," nikamalizia.

"Ufuta."

Aliyesema hakuwa Sikudhani. Mrisho alikuwa bado anatazama chini, mikono juu ya magoti. "Si mtama," akasema. "Ufuta."

Sikudhani akajifunika mdomo kwa kanga.

Sitakudanganya kwamba yote yalitengenea. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi Bagamoyo, nikasimama uani kwa Bi Tatu nikasema kweli, naye akasema yake kama alivyoahidi. Wengine waliamini, wengine walisema nimetishwa huko bara nije kusema hivyo. Sikudhani hakurudi mjini. Omari akamfuata, wakalima Lugoba, na mama alikufa mwanawe yuko mbali naye. Hilo liandikwe kwenye jina langu. Mrisho alipona nusu, akaoa, akawa mtu wa maneno machache. Mimi sikusukiwa ukili tena. Niliusuka wangu.

Na nikuambie la aibu zaidi: hata leo, kikongwe mimi, nikiikumbuka hadithi ile bado natamani ingekuwa yangu. Wivu haufi, mwanangu. Tunaoulea ndio tunaokufa.

Basi sikia. Hadithi ya shoga yako ni amana mkononi mwako. Wewe unadhani ameandika nyota tu, na hujui ni nani wa kwao aliyekaa juani akiisubiri. Ulimi hauna mfupa, huweza kukunja neno la mtu bila kuacha alama, na mwenye neno akakushukuru. Itafsiri ilivyo. Penye uzuri usipapunguze, na penye udhaifu usipachimbe. Kama kinyongo kinakuzidi, mwendee mwambie, "Shoga, nakuonea wivu." Utaona haya siku moja, na haya ya siku moja ni nyepesi kuliko safari ya Lugoba. Ukimaliza yake, andika yako. Nitakusukia mimi, vidole vyangu bado vinaweza pima moja.

Mungu akupe ulimi unaofikisha kama ulivyotumwa. Akulinde na sifa za wenzio zisikugeukie mchanga mdomoni. Na siku utakapokuwa mgeni mahali, huna neno la kujitetea, akujaalie mfasiri asiyekuonea wivu.