Kishingo wa Soin na Baba Yake Tapkigen

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na fimbo. Nyapara wa shamba la chai kule Kimulot alikuwa ameniambia, "Memsahib anataka mtu wa kuchunga kuku," nami nikajua kuchunga ni kama kuchunga ng'ombe. Niliwaswaga mpaka adhuhuri, wao kulia, mimi kushoto. Memsahib alicheka mpaka akashika ukuta. "Kipkorir, weka chini hiyo fimbo! Kuku najua njia yake!"

Miaka hiyo ya thelathini, kwetu Wakipsigis, kuku hakuwa mali. Mwanaume alijulikana kwa ng'ombe wake, na wazee wengi hata nyama ya kuku hawakuigusa. Lakini mimi niliipenda ile kazi. Nilijifunza kumtambua tembe, yaani jike ambaye hajaanza kutaga, na kumwacha anayeatamia mayai yake kwa amani. Kuku wetu walikuwa wekundu wazito walioletwa kwa meli, na baridi ya Kimulot iliwafaa sana.

Kisha mumewe, Bwana Meneja, akahamishiwa shamba la mahindi kule Soin, bondeni, nasi tukahama naye pamoja na kuku. Jamani, lile jua! Wekundu walilala chini ya ghala midomo wazi, wakagoma kutembea. Memsahib hakutaka kuwafungia. Alitaka kuku wa kujitafutia chakula uani. "Kama hakuna kuku ya kuweza hii jua," akaniambia, "basi kazi ya kuku nakwisha. Wewe narudi Kimulot." Hakuwa anatania.

Nami sikutaka kurudi, kwa sababu pale Soin nilikuwa nimempata Tapkigen. Tulielewana vizuri sana. Aliyekataa kuelewa ni baba yake, Arap Sitienei. Nilipokwenda na mjomba wangu kuposa, mzee alinitazama toka utosini hadi unyayoni.

"Unachunga nini?"

"Kuku, mzee."

"Ndege?" Akamgeukia mjomba. "Rudi na kijana wako. Binti yangu haolewi na mchunga ndege."

Iliniuma, sifichi.

Basi tukaanza kujaribu kuku wengine. Memsahib aliagiza weupe wepesi. Walitembea vizuri juani, ila mwewe aliwaona toka mbali akawa anajichukulia tu. Mimi nikaleta kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, kutoka kwa akina mama wa upande wa ziwa waliouza sokoni. Memsahib alishtuka.

"Hii nagonjwa?"

"Hapana, memsahib. Amezaliwa hivyo. Shingo yake inapata upepo."

Tukawaachilia wote saa saba mchana, tukaketi kivulini kutazama. Kishingo walichakura ua mzima, kisha wakapenya miiba ya boma, wakaenda zao malishoni.

Niliwakimbilia mpaka huko. Ng'ombe waliokuwa pale ni wa Arap Sitienei, na mwenyewe alikuwa amesimama katikati yao. Nikasema leo nimekwisha. Lakini mzee hakunitazama. Fahali wake alikuwa amelala chini, na kishingo wawili walikuwa wakimdonoa kupe masikioni, naye ametulia tuli. Msimu ule kupe walikuwa wamemuulia mzee ndama wengi.

"Hii ndege, nani amechagua?"

"Mimi na memsahib."

Akainama kutazama sikio la fahali. "Kesho walete tena."

Nikawaleta kesho yake, nikawaleta na siku iliyofuata, na memsahib hakutaja tena habari za Kimulot. Mvua zilipoanza, mzee aliwaita watu wa kwetu kuzungumza mahari. Alitaja ng'ombe, akataja mbuzi, halafu akakohoa. "Na hizo ndege za shingo tupu. Jogoo mmoja na majike yake." Mjomba aliinamisha kichwa kwa aibu, maana mahari ya kuku ilikuwa haijasikika kwetu. Mimi nilikuwa nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Baadaye nilifuga kuku wa mabwana wengine mpaka Chepseon, nikastaafu huko. Vijana hunijia kuuliza wafuge kuku gani uani penye joto. Nawaambia wasichague asubuhi. Wangoje jua la utosi, waone ni nani bado anatembea. Tapkigen akinisikia hucheka toka jikoni. "Waambie ukweli, baba watoto. Wewe siku ile ulikuwa unachagua mke."

Nami sikatai.