Mchanga Kwenye Reli Ndogo

Injini ile ya treni ya kuchezea ilikuwa na urefu wa kiganja changu, na kwa miezi minne ilinitesa kuliko kazi yangu ya ukarani pale Kitale. Niliipata pamoja na reli zake kwenye mnada wa vyombo vya nyumbani, katika shamba moja upande wa Kachibora ambalo wenyewe walikuwa wakihama. Nilikuwa na sababu moja tu. Baba yangu aliendesha magari moshi mpaka alipostaafu akarudi Bungoma, na tangu siku hiyo hakuwa amegusa injini yoyote. Nilitaka aendeshe hii, japo mara moja.

Tatizo lilikuwa mwendo wa polepole. Baba alizoea kusema kwamba kukimbiza treni si kazi. Ustadi wa dereva huonekana anapoingia stesheni polepole. Yangu haikujua kuingia popote. Ilisimama kabisa au iliruka kama panzi. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, ukapita kwenye reli na kupanda kwenye magurudumu, na vumbi jekundu la Kitale liliukatiza njiani. Nikapangusa magurudumu kwa spiriti. Nikasugua reli kwa kifutio cha shule. Nikafungua mota, nikasafisha brashi zake za kaboni zinazoipelekea umeme. Jumamosi ilipata nafuu, Jumapili ikarudia ugonjwa.

"Baba watoto," mke wangu aliniuliza, "huyo ng'ombe wako leo ametoa maziwa?"

Hatimaye nilipewa vipande vya madini ya risasi, vile vizito vya kusawazishia tairi, na fundi wa magurudumu pale Moi's Bridge, nikavibandika ndani ya injini kuiongezea uzito. Ikatambaa. Ilishindwa mahali pamoja tu, kwenye kilima nilichotengeneza kwa ubao. Hapo magurudumu yalizunguka bure.

Baba alipokuja kututembelea, aliketi kwenye kigoda, akashika swichi ya mwendo, akaipeleka injini taratibu mpaka kilimani. Ikateleza.

"Ati unaweka injini bila mchanga?" akasema. "Sisi tulikuwa na sanduku la mchanga, bana. Mlima ukikataa, unamwaga mbele ya magurudumu."

Akatoka nje, kwenye rundo la mchanga wa kujengea, akarudi na kidogo kati ya vidole. Nilielewa anachotaka kufanya, lakini nikachelewa. Akaunyunyiza. Injini ikapanda urefu wa kidole, ikasaga, ikanyamaza. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye gia.

"Mzee, umeharibu! Miezi minne!" Nikampokonya swichi.

Akautazama mkono wake, kisha akaupangusia kwenye suruali.

"Zile zetu zilikuwa zinapenda mchanga," akasema.

Wiki tatu nilichokoa chembe kwa sindano, moja moja. Gia zilipozunguka tena, nikafunga kila kitu kwenye katoni nikaenda Bungoma. Nilitandaza reli juu ya meza yake, safari hii bila kilima. Injini ilitambaa vizuri kuliko wakati wowote. Ungeweza kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Baba alisimama kando, mikono mgongoni.

"Sasa hiyo ni treni," akasema.

"Shika, Baba."

"Endesha wewe. Mimi naona vizuri nikiwa hapa."

Nikamsogezea swichi mara ya pili. Akarudi nyuma hatua moja kunipisha, mikono yake bado mgongoni, nami nikaendelea kuizungusha injini peke yangu mpaka betri ikachoka.