Chumvi Niliyomwekea Palahala

Asubuhi ile naikumbuka hata leo, mwanangu. Na kwa kuwa wiki ijayo unakwenda na vijana wa parokia kuwaona palahala kule hifadhini, afadhali uisikie kutoka kwangu kabla hujafika.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Kwetu Zongwe, kando ya ziwa, tulikuwa watu wa kutia samaki chumvi. Likizo ile nilikwenda kwa mjomba wangu, mlinzi wa hifadhi ndogo upande wa Bendera, nikampelekea kapu la migebuka, samaki wa ziwani tuliowatia chumvi. Hifadhi ile ilitengwa kwa ajili ya palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni. Waliobaki ungeweza kuwahesabu kwa vidole.

Siku tatu tulikaa juu ya mwamba tukitazama bonde. Tulichoona ni migongo tu, mbali, ikipotea katika nyasi.

"Mujomba, munyama wako huyu njo hadisi tu," nilimtania.

Alicheka. "Wee mutoto wa ziwa! Samaki munamungojaka, huyu unashindwa kumungoja?"

Nilishindwa kweli. Mjomba alipolala mchana, nilikung'uta chumvi ya kapuni juu ya kisiki kilichokuwa karibu na njia. Nyumbani nilikuwa nimeona mbuzi wakilamba mawe tunayotilia samaki chumvi, nikajua na huyu atakuja.

Alikuja. Jike mmoja na mtoto wake, asubuhi iliyofuata, hatua ishirini tu kutoka nilipojificha. Niliziona hata kope zake. Siwezi kukudanganya, nilifurahi mpaka machozi. Nikaongeza chumvi kesho yake, na siku iliyofuata, naye akazoea.

Furaha ile ilinishinda kuificha. Jumamosi, sokoni Bendera, niliwaambia wauza mihogo kwa sauti: "Anakujaka pa kisiki kama mbuzi ya mama!" Wakacheka. Sikuangalia nani mwingine alikuwa anasikiliza.

Jumatatu Mjomba aliniita. Jike alikuwa amelala kando ya kisiki, waya shingoni, mapaja yamekatwa na kuchukuliwa. Mtoto wake alikuwa anamsukuma kwa pua, anatafuta maziwa. Mjomba aliinama, akachota chumvi iliyochanganyika na udongo, akanionyesha. Ndani yake kulikuwa na magamba ya samaki.

Hakupaza sauti. "Mwana wa dada yangu, bunduki yangu ni moja na pori ni kubwa. Woga wao njo unawalinda wakati mimi niko mbali. Huyu ulimunyang'anya woga wake."

"Mujomba, nilitaka tu kumuona."

"Najua. Ulimupenda. Na amekufa."

Tulimnywesha yule mtoto maziwa ya mbuzi kwa chupa. Siku ya nne aliyakataa, na siku ya tano tukamzika. Mjomba hakunitania tena mpaka nilipoondoka.

Sikuelezi haya ili usiende, mwanangu. Nenda, na ufurahi. Lakini elewa jambo hili, maana mimi nilichelewa kulielewa: aliyemtega alipita njia niliyomfungulia mimi, niliyempenda yule mnyama. Kwa hiyo mlinzi akikuambia kaa hapa, kaa. Usimrushie mnyama chakula, usimfuate na simu ili upate picha ya karibu. Na ukijaliwa kumwona, usitangaze mahali alipo, hata kwa rafiki unayemwamini. Ukirudi umeona mgongo tu kwenye nyasi, usiseme umekosa. Umemwona akiwa salama. Mimi kosa langu sina namna ya kulirudisha nyuma. Wewe bado hujalifanya, na najua unaweza kuliepuka.

Mungu akupe macho yanayotosheka na moyo wa kungoja. Akulinde njiani kwenda na kurudi, na wale wachache waliobaki awazidishe, ili watoto wako nao wawakute.