Shikamoo yangu pale darajani Korogwe

Nyie wajukuu mmekaa huko mjini hadi njia ya Korogwe imeota majani. Sikieni basi mlichokosa leo.

Nimepata mgeni, mama wa Kiitalia mwenye nywele nyeusi tii, aliyewahi kuwa muuguzi misheni huko kusini. Kiswahili anakijua. Kwao nako ni mji mdogo wa mtoni, una daraja la mawe la zamani.

Nikamtembeza. Stesheni, halafu pale lilipokuwa shamba letu la ujamaa, kisha darajani, tulipocheza ngoma siku ya Uhuru.

Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Tangu asubuhi unaniambia habari za leo. Shikamoo yangu iko wapi?"

Akacheka. "Siku hiyo ya Uhuru ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Nilikuwa nachunga mbuzi wa baba."

"Mimi nilikuwa nimeshaolewa."

Kumbe zile nywele nyeusi ni rangi.

Watu wote darajani wananitazama, mimi ninayeamkiwa na mtaa mzima. Nikapiga goti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Wacheni wacheke. Tangu nimzike dada yangu sikuwa na mtu wa kumwamkia. Leo imenikaa vizuri mdomoni.

Yupo kwangu hadi Jumapili. Mkija, shikamoo ya kwanza mpeni yeye. Na mniletee rangi ya nywele kama yake.